Vifundo Alivyoviacha Marehemu

Fundi redio hakuwa mtu wa maneno. Hata siku ya maziko ya mkewe, watu walipompa pole, alitikisa kichwa tu. Maneno yake yalikuwa kwenye vinanda vya umeme, vile vya zamani, vizito kama kabati, ambavyo wenyewe walivileta vitengenezwe wasirudi tena.

Kinanda cha namna hiyo hakikumbuki kitu. Sauti unaitafuta kwa kuzungusha vifundo, ukivisogeza, imekwenda. Mwenye sikio alikuwa mkewe. Fundi akichomea waya, yeye akizungusha. Wiki moja kabla ya kulazwa hospitali, alikaa kwenye kile kikubwa, chenye vifundo ishirini na vinne, akapata sauti nyembamba yenye kutetemeka, kama mtu anayeimba huku ana mafua.

"Hii usiiguse, mume wangu. Ya wimbo wa mwisho."

Hakuigusa. Baada ya maziko alirekodi peke yake, kwa vinanda vingine, nyimbo saba za albamu waliyoipanga pamoja. Ya nane akawa anaiahirisha. Aliwasha, akabonyeza mara moja, akasikiliza, akazima. Akishairekodi, atabaki akingoja nini?

Jumamosi moja alitoka kununua risasi ya kuchomea. Aliporudi, alimkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu, na kitambaa mkononi, chumba kinanukia sabuni.

"Shemeji, unaishi na vumbi kama umelioa! Nimekupangusia hadi hilo dubwana lako. Vidude vyake vilikaa shaghalabaghala, hiki kimetazama huku, kile kule. Nimevinyoosha vyote vitazame juu. Havijapendeza?"

Fundi akatazama. Vyote ishirini na vinne vimesimama wima.

"Vimependeza."

Akaweka risasi mezani.

Angemwambia nini? Na yeye amefiwa na dada.

Miezi miwili alizungusha. Mara alipata mtetemo, mara wembamba. Yale mafua hayakurudi. Mwisho akavirudisha vyote wima, kama shemeji alivyoviacha, akapiga wimbo wa nane kwa sauti ile kavu, akarekodi mara moja tu.

Shemeji alipokuja, akamwekea asikilize.

"Huu wa mwisho mbona unalia kama king'ora?"

"Sauti hiyo umeiweka wewe. Siku ile ya kupangusa."

"Mimi?" Akacheka hadi akajifuta macho. "Laiti dada angesikia!"

"Laiti," akasema Fundi, akageukia ukutani kuchomoa waya.