Vyuma Alivyonichomelea Baba

Mwanangu, ipo Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko siku zote nilizovaa jezi ya taifa. Siku hiyo sikuruka kiunzi hata kimoja. Nilikuwa nimekaa nyumbani kwetu Dilala, mtaa wa Kolwezi, nakula bukari, ugali wetu, pamoja na wageni, na hapo hapo mezani nikamvunjia baba yangu heshima.

Nianze mwanzo, maana ukinitazama leo, na magoti haya yanayolia nikiinuka, huwezi kuamini. Nilikimbia mita mia za kuruka viunzi. Viunzi ni kumi, hatua tatu kati ya kimoja na kingine, na ukikanyaga ya nne umeshaachwa. Siku zile Kolwezi nzima sikuwahi kuona kiunzi. Baba, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya mgodi, aliona picha gazetini, akaokota mabomba yaliyotupwa, akanitengenezea vyote kumi kwa siku zake za mapumziko. Wenzake walipumzika kwa bia. Yeye alipumzika kwa cheche za moto machoni.

Sasa sikiliza kosa lilikuwa wapi. Kiunzi cha mashindano kina miguu upande mmoja tu, upande anakotokea mkimbiaji, ili ukikigonga kilale mbele nawe uendelee. Vya baba vilikuwa na miguu mbele na nyuma. Havikuanguka. Ukivigonga, wewe ndiye uliyeanguka. Kwa hiyo nilijifunza kuruka juu mno, kama mbuzi anayevuka mtaro. Hapa nyumbani niliwashinda wote, nikaitwa timu ya taifa, nikapanda ndege kwenda mashindano ya Afrika. Huko wenzangu walipita wakivipangusa viunzi, vingine wakaviangusha bila hata kugeuka. Mimi nilikuwa bado hewani. Nikawa wa mwisho, wa mwisho kabisa, na kocha mmoja mgeni akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuogopa.

Nilirudi na swali hilo. Majirani wakaja kunipokea, mama akapika, nyumba ikajaa. Mmoja akauliza mambo yalikwendaje. Nikaweka tonge chini nikasema kwa sauti:

"Muulize tata. Byuma yake njo iliniharibisha."

Watu wakacheka, wakidhani kusema vyuma vya baba ndivyo vilivyoniharibu ni utani. Baba hakucheka. Alinitazama, akasema tu, "Sawa, mama," kama alivyozoea kuniita mimi bintiye, akanawa mikono na chakula kiko nusu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi kujikwaa nakujua, ndiyo ilikuwa kazi yangu, nami nakuambia kidole hupona.

Asubuhi yake nilisikia msumeno wa chuma uani. Baba alikuwa amekalia ndoo, anakata ile miguu ya nyuma kwa mkono, huku akikohoa kile kikohozi chake cha karakana. Mama akanivuta jikoni.

"Weye, unajua juu ya nini alitiaka ile miguu ya nyuma?"

"Apana, mama."

"Ya kwanza alifanyaka sawa ile ya mu foto. Ulikuwa ungali mudogo, ukaanguka nayo, ikakupasula mugulu, damu mingi. Alikubeba mpaka ku lopitali, analia mu njia, bantu bote banaona. Njo ile siku alisema chuma yake haitaanguka tena na mutoto. Na weye unamupatisha haya mbele ya bageni!"

Nilitoka uani, mwanangu, sina uso. Nikapiga magoti, nikapiga makofi polepole kama tunavyofanya mbele ya mkubwa tuliyemkosea. "Tata, unisamehe." Hakuinua macho. Alinionyesha ncha ya bomba akasema, "Shika hapa." Nikashika. Yeye akakata, mimi nikashika, mpaka tukamaliza cha kumi. Baba yangu hakuwa na njia nyingine ya kusema amesamehe.

Jioni tukaenda uwanjani, akaniambia nikimbie aone. Kiunzi cha kwanza nikakigonga kusudi. Kikaanguka kwa kishindo, naye akaruka, mikono kichwani. Aliponiona naendelea, cha pili, cha tatu, akaanza kucheka huku anafuta machozi.

"Ah! Kumbe inaanguka, na mutoto eko anaenda tu!"

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Safari iliyofuata, kabla sijatoka, alitia maji kinywani akanipulizia viganjani na miguuni, baraka ya wazee wetu. Nikafika nusu fainali. Nilikimbia miaka mingi baada ya hapo, nikalala katika miji ambayo hata kuitaja majina kulinishinda, medali nikapata mbili, kisha nikarudi hapa kufundisha wenzako.

Utasema basi, yaliisha vizuri. Hayakuisha. Baba nilimwomba radhi uani, na waliotusikia ni kuku. Nilimkosea mezani, mbele ya watu, na watu wale sikuwarudia. Niliona haya, nikajiambia wamesahau. Lakini watu hawasahau neno lililowachekesha. Miaka ikapita, baba akafariki. Kwenye matanga mzee mmoja wa karakana, mtu mwema kabisa, akasimama kumsifu:

"Alikuwa fundi ya kweli, hata kama byuma yake iliharibishaka mutoto wake."

Watu wakatabasamu, kwa upendo tu. Mimi nikasimama nikaeleza yote, ile miguu ya nyuma, ile damu, ile njia ya hospitali, mpaka sauti ikanikauka. Kila mtu pale alinisikia isipokuwa yeye.

Kwa hiyo nakuusia. Ukimkosea mtu faraghani, mwombe radhi faraghani. Ukimkosea mbele ya watu, usimpelekee radhi kwa mlango wa nyuma. Waite watu walewale, usimame, ulisafishe jina lake angali na masikio ya kusikia. Na kabla hujalaumu kazi ya mikono ya mzazi, uliza kwanza alikuwa anaogopa nini alipoifanya.

Mungu akupe miguu myepesi na ulimi mzito, mwanangu. Akutunzie waliokulea mpaka uwe umewaambia yote unayopaswa kuwaambia, na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie uwakute bado wapo.