Viriba vya Methodius

Deodatha binti Kemigisha alikuwa na jicho la dharau, na kijiji kizima cha Nyakasimbi kililijua. Akikuona mpumbavu hakwambii. Anakutazama kuanzia viatuni, anapanda polepole mpaka usoni, kisha anageuka na kuendelea na kazi yake. Watu wazima walimlalamikia mama yake kwamba huyo binti hana adabu. Uongo mtupu. Adabu alikuwa nayo, na shikamoo alimpa kila mkubwa. Kilichomshinda ni kuficha.

Na katika watu wote aliowahi kuwadharau, hakuna aliyemfikia Methodius wa mjini Kayanga.

Methodius alikuwa na duka karibu na stendi, na nyuma ya duka chumba kimoja chenye jenereta, ambacho yeye mwenyewe alikiita kiwanda. Kiwanda! Mashine moja ya kuchoma nailoni na vijana wawili wanaokohoa kutwa nzima. Humo nailoni nyeusi ilikatwa vipande, ikachomwa chini ishikane, ikawa viriba vya kuoteshea miche. Kila kiriba kilipigwa jina lake kwa wino mweupe, METHODIUS KAYANGA, maana bwana mkubwa alipenda kuonekana. Jembe hakuwahi kulishika maishani mwake, lakini ungemsikia akizungumzia kilimo ungedhani kahawa kaibuni yeye.

Mwaka 1991 akaanza kuuza miche ya kahawa, imo ndani ya viriba vyake. Alikuja Nyakasimbi na pikapu, na Rwegasira, mwenyekiti wa kijiji, akamwitishia mkutano. Mzee mmoja akauliza: hivi viriba vinavuliwa, au mche unapandwa navyo? Lilikuwa swali la maana. Tangu zamani miche ya kahawa ilioteshwa katika vifuko vya magome makavu ya mgomba, na mtu alipanda mche pamoja na kifuko chake. Mvua ikinyesha, gome linaoza, mizizi inajipenyeza. Isitoshe, huku kila taka ya nyumbani hutupwa kwenye shina la mgomba, iwe maganda, majivu au nyasi kuukuu zilizotandikwa sakafuni, na yote huwa mbolea. Kifuko kisichooza watu hawa walikuwa hawajakutana nacho.

Methodius jibu hakuwa nalo, lakini watu wa namna yake hawakosi la kusema.

"Pandeni hivyo hivyo," alisema. "Hivi ni vya kisasa. Vitaoza vyenyewe."

Watu wakapiga makofi. Deodatha naye akapiga makofi, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna roho.

Maana aliyemshawishi mama yake ni yeye. Kemigisha alikuwa mjane. Mikahawa yake aliachiwa na mumewe, imezeeka, inazaa kidogo, lakini inazaa. Hakutaka kuing'oa. Deodatha akamwimbia asubuhi na jioni: mama, hii mipya inazaa upesi, mama, wenzetu watatuacha. Mwishowe mama akachoka.

"Haya, ng'oa," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Wakaing'oa yote. Wakapanda miche ya Methodius na viriba vyake.

Kiangazi kilipoingia majani yakageuka manjano, kisha yakapukutika. Deodatha akachimbua mche mmoja. Nailoni ilikuwa nzima kabisa, inang'aa, jina la Methodius linasomeka bila taabu, na ndani mizizi imejiviringa mpaka imejinyonga yenyewe. Akachimbua wa pili, wa tatu, yote hivyo hivyo. Kemigisha akaja, akatazama, akarudi ndani. Tangu siku ile alizungumza na binti yake mambo ya lazima tu: teka maji, fungia mbuzi. Jina hakumwita tena. Deodatha aliona afadhali angechapwa.

Kijijini kote hali ilikuwa hiyo. Watu waling'oa miche iliyokufa, wakatupa nailoni kwenye mashina ya migomba kama walivyozoea. Upepo ukaichukua, ikaziba chemchemi, mbuzi wakaitafuna. Na Rwegasira je? Miche yake ilikufa mbele ya mlango wake, na bado alikuwa akizunguka anasema eti ni ukame. Mtu mzima hovyo! Alikuwa anaogopa kumuudhi tajiri asije akanyimwa lifti ya pikapu.

Deodatha akawakusanya vijana wenzake wa kwaya. Wa kwanza kukubali alikuwa Xaveri, kibarua ambaye wazazi wake walitoka Rwanda. Wengine walitaka nailoni zikusanywe, zichomwe moto, yaishe.

"Yaani tumfanyie Methodius usafi?" Deodatha aliuliza. "Jina la nani limeandikwa hapa? Mtu akisahau mwavuli wake kwenu mnauchoma?"

Wakacheka, wakaingia kazini. Waliokota mashambani, njiani na chemchemini, wakashindilia kwenye magunia, na siku ya soko wakayafunga kwenye baiskeli, wakayapeleka mpaka Kayanga. Methodius walimkuta barazani kwake akipiga soga na wateja.

"Shikamoo, baba," Deodatha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmeniletea kahawa?"

"Tumekuletea mali yako."

Xaveri akafungua gunia, akalimimina pale pale barazani, udongo na vyote. Methodius akaruka nyuma kuokoa viatu vyake.

"Ikishatoka mlangoni kwangu si yangu!" alifoka. "Mmenunua, pa kutupa mtajua wenyewe. Na miche imekufa kwa sababu ninyi watu wa mashamba hamjui kupanda. Nani aliwaambia mpande na viriba?"

"Wewe," Deodatha alisema. "Mbele ya mkutano."

"Mimi? Binti, umeota."

Wateja wakacheka, maana tajiri akitania barazani kwake nani atanuna? Deodatha akawatazama wote, viatu mpaka uso, akageuka akaondoka. Kinyaa alichokisikia ni kile cha kukanyaga kitu chenye ute gizani.

Soko lililofuata wakarudi na magunia mengine. Na lililofuata. Vijana wa kijiji cha Kimuli walisikia, nao wakaleta ya kwao, baraza likawa halipitiki, na wateja wakaanza kuuliza maswali. Hapo ndipo Methodius alipopanda pikapu yake, akampitia Rwegasira, wakaja mchana kweupe mpaka uani kwa Kemigisha. Kupambana na binti kulikuwa kumemshinda, akaona amshitaki kwa mama yake. Majirani wakajaa. Vijana wa kwaya nao wakaja, na magunia waliyokuwa wameyaandaa kwa ajili ya soko la kesho yalikuwa yamepangwa pale kando ya uzio.

"Mama," Rwegasira alianza, "binti yako anakuaibisha. Mwambie apige magoti amwombe radhi Bwana Methodius, tuyamalize."

Deodatha hakumwogopa Methodius hata chembe. Aliyemwogopa ni mama yake. Mama akisema piga magoti, atapiga, tena mbele ya yule yule bwege, kwa sababu kwa mama hakuwa na mdomo. Nani aliyeimba ng'oa, ng'oa, mpaka shamba la marehemu likaisha?

"Kaeni kwanza," Kemigisha alisema. "Wageni hawasemeshwi wamesimama."

Akaingia ndani. Kila mtu alijua anachofuata, maana hakuna nyumba ya heshima huku ambayo mgeni ataanza mazungumzo kabla ya kupewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa. Methodius akajiweka sawa kitini, anatabasamu, ameshashinda. Kemigisha akatoka na kikapu chenye kifuniko, akapiga magoti mbele yake kama desturi ilivyo, akakitoa kwa mikono miwili. Methodius akafunua.

Ndani kulikuwa na mche mkavu, umo kwenye kiriba chake, jina limetazama juu.

"Mama, hii nini?"

"Kahawa," Kemigisha alisema, magoti bado chini. "Ndiyo iliyopo nyumbani. Ile ya marehemu mume wangu niliing'oa kuipisha hii yako. Tafuna, baba."

Hakuna aliyecheka. Methodius alimtazama Rwegasira, Rwegasira akawa anashughulika na kifungo cha shati lake.

"Mimi nilisema..." Methodius alianza.

"Mkutanoni nilikuwa nimekaa mbele. Nilikusikia kwa masikio yangu." Kemigisha akasimama, akajifuta vumbi magotini. Kisha akageuka. "Deodatha, mwanangu."

"Abee, mama."

"Msaidieni mgeni kupakia vitu vyake."