Jina Refu la Mchumba wa Sephora

Tonton Numbi hakumwamini mtu. Mwaka 1996, katika ghorofa yetu ya Saint-Gilles, mjini Brussels, alinusa hata maziwa aliyoyanunua mwenyewe asubuhi. Mimi mpwa wake nilikuwa nimeshazoea.

Basi binti yake Sephora akamleta mchumba, Mwingereza anayetafsiri nyaraka za ofisi kule Etterbeek. Nyumbani kwa Tonton, anayekuja kuposa huulizwa jina lake na lilikotoka kabla hajapewa hata maji. Kijana akatoa kadi: Featherstonehaugh. Kisha akajitaja: Fanshoo.

Tonton akaipindua kadi. Nyuma hapakuwa na kitu. Sephora akaniangalia kwa hofu, maana bila idhini ya baba yake asingeolewa.

"Bon. Jina iliandikwa murefu vile, na wewe unasema kafupi," Tonton alisema. "Ile ingine umeificha wapi? Kwa bibi ingine?"

Sephora akatafsiri, hata hilo la mke mwingine, uso umemshuka. Kijana akajibu kwa Kifaransa, bila kukasirika, kwamba ni jina la mahali kaskazini mwa Uingereza: tambarare kando ya mto, penye mawe manne ya kale. Wazee walilitamka harakaharaka, kila kizazi kikameza kipande. Na si wao tu. Wanaoandikwa Cholmondeley huitwa Chamli, wa Marjoribanks huitwa Machibenks, na kwao hakuna anayeshangaa.

Tonton ndiyo kwanza akazidi kushuku. Watu gani hawa wanaokula majina ya babu zao? Akadai namba ya simu ya baba wa kijana, akapiga papo hapo. Mzee akaitika, "Fanshoo." Tonton akakata simu bila hata salamu. Niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe bado.

"Alors, mutoto wenu?" akauliza, sauti imepungua. "Mimi nilizaa huyu mumoja tu. Mukimupa mutoto jina yangu, kule kwenu itabakia nini?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba siku nzima alikuwa anaogopa. Nikamwonea huruma, yeye na ubishi wake.

Sephora alipotafsiri, kijana akasogeza kiti karibu. Akatamka polepole, "Numbi."

"Rudilia."

"Numbi."

Tonton alitega sikio, akichunguza kama kuna kilichopungua. Akamtaka arudie mara ya tatu. Ndipo akamwambia Sephora alete maji.