Amplifaya Mbili za Jina Moja

Shule niliishia darasa la nne. Gitaa sikufundishwa na mtu, na kufungua amplifaya nilijifunza kwa kuifungua. Nikisema nilikosea, jua nilikosea kweli, maana sio neno langu la kila siku.

Bendi yetu ya Musoma ilitumia amplifaya yangu, sanduku moja lenye spika humo humo, niliyoipata kwa ng'ombe wawili. Ilikuwa ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani. Ukiiwasha unasubiri ipashe moto kwanza ndipo itoe sauti. Ilibebwa na watu wawili. Sisi tuliokulia kwenye zizi tunapima kitu kwa kukinyanyua. Kikiwa chepesi tunasema kinaumwa.

Ikaja miaka ya foleni, maduka matupu. Valvu ikiungua, hupati nyingine. Nilikuwaga naenda Kiabakari kutafuta redio mbovu za watu waliofanya kazi mgodini, nang'oa valvu zinazokaribiana na zangu. Karatasi ya spika ilipochanika niliiziba kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Ikaendelea kulia, na mimi nikaendelea kujisifu.

Wakati wa ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa, mama mwenye ukumbi wa Bunda tulimopiga kila Jumamosi akaleta amplifaya kutoka Sirari, mpakani. Jina lile lile, rangi ile ile. Ndani transista tupu, hakuna valvu hata moja. Aliishusha kwa mkono mmoja.

"Fundi, si ndiyo hiyo hiyo yako? Wameitoa upya tu," akasema.

"Mama, hilo ni debe. Hata nikiwapa mgongo nitaijua yangu."

Shemeji yangu, aliyemuoa dada yangu na kupiga gitaa la pili, alikuwa anaitamani ile ya valvu kwa ajili ya kwaya ya kanisa lao Buhare. Akadakia, "Na usipoijua?"

"Nisipoijua, ichukue. Na hapa nitapigia hilo debe."

Wanamuziki wote walisikia. Mama akaning'iniza kanga mbele ya masanduku. Akayawasha yote mapema, ile ya valvu isije ikajitaja kwa kuchelewa. Nikakaa nimeelekea barabarani. Shemeji akapiga wimbo mmoja kwenye la kwanza, kisha huo huo kwenye la pili.

La kwanza lilikwaruza kidogo kwenye besi. La pili lilikuwa wazi, kila uzi unajitegemea.

"La pili ndiyo yangu," nikasema. "Ndivyo ilivyolia siku niliyoileta nyumbani."

Mama akafunua kanga. Nikageuka. La pili lilikuwa debe.

"Rudia," mama akamwambia shemeji, akihamisha masanduku nisione. Akarudia mara mbili. Mara zote mbili nikachagua debe.

"Shemeji, umemkana mtoto wako," mume wa dada akasema.

Sikio langu lilikuwa bado linaishi na sauti ya siku ya kwanza. Lakini sauti ile niliiondoa mwenyewe, valvu moja moja, na nilivyokuwa naiondoa taratibu sikujua kama imekwenda.

Tulipofunga ukumbi shemeji akanifuata. "Tulikuwa tunataniana tu. Baki nayo."

"Nimesema mbele za watu. Shika upande huo."

Tukaibeba wote wawili mpaka kwenye lori la dagaa lililokuwa linarudi Musoma. Nikamwambia ukweli wote: valvu zipi ni za redio, spika imezibwa wapi, na kwamba kwaya isiimbe kabla amplifaya haijapasha moto. Akasikiliza kama mtu anayeachiwa mgonjwa.

Wiki iliyofuata tulipiga harusi Butiama, na mimi kwenye debe, mama katuazima. Mkono wangu ulizoea kupiga nyuzi kwa nguvu ili ile ya zamani isikike, hii haikuhitaji. Kabla bibi harusi hajaketi nilishakata nyuzi mbili.

"Polepole, shemeji," mume wa dada akaninong'oneza. "Hiyo inasikia."