Mbuzi wa Mashabiki

Dada yangu alirudi nyumbani Emali Jumatatu moja ya likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha tatu. Alikuwa na mtoto mgongoni na kitambaa kilichofungwa kutoka kidevuni mpaka utosini, kama mtu anayeumwa na jino. Taya lilikuwa limevimba. Mama alimpokea mtoto, akampa dada uji.

Mume wake alikuwa namba tisa, mfungaji wa timu kubwa ya mpira ya Nairobi. Ni mtu wa Kabati, lakini kwa kuwa alioa Emali, Emali ilimhesabu kuwa wake. Picha yake ilikuwa imebandikwa kwa bucha, juu ya mizani.

Jumanne gazeti liliandika kwamba mke wake amepiga ripoti polisi, na kwamba yeye ataitwa kortini Ijumaa. Fainali ilikuwa Jumapili. Jumanne hiyo nilitumwa nyama. Bucha ilikuwa imejaa watu na hakuna aliyekuwa akinunua.

"Huyo msichana amelipwa na wale tunaocheza nao," fundi wa baiskeli alisema. "Mbona asingoje wiki moja tu?"

"Kwani alipigwa na mguu gani?" mwingine akauliza.

"Si wa kulia. Ungekuwa wa kulia hangefika Emali."

Walicheka. Halafu mwenye bucha akaniona, akakohoa. Mimi nina haya. Hata darasani nikijua jibu huwa naangalia dawati. Niliangalia sakafu. Alinipimia nyama bila mfupa hata mmoja, jambo ambalo hajawahi kufanya. "Msalimie dada," akasema, na nadhani alimaanisha.

Jumatano alasiri walikuja kwetu watu watano: mwenye bucha, ambaye ndiye mwenyekiti wa mashabiki, fundi wa baiskeli na wengine watatu, wakivuta beberu mweupe. Kwetu, mume akimpiga mke mpaka akimbilie kwao, humfuata na wazee wake na mbuzi. Anakaa, anasema alichofanya, mbuzi anachinjwa, na watu wakishakula maneno yameisha. Lakini namba tisa alikuwa kambini na timu, na Kabati, kwa wazee wake, ni mbali. Kwa hivyo mashabiki waliona wamsaidie.

Baba alitoa viti. Baba pia alikuwa shabiki.

"Mzee," mwenyekiti alianza, "kijana hali, halali. Mtu wa korti Ijumaa, Jumapili atafunga bao na nini? Tunaomba mama mtoto aandikie polisi barua, fupi tu. Aseme aliteleza bafuni. Halafu arudi kwake na heshima zote."

"Watu huteleza," fundi akasema.

Baba aliangalia beberu kuanzia pembe mpaka kwato. "Ni mbuzi mzuri," alisema. Niliogopa sana aliposema hivyo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. "Na ni nani kati yenu alimpiga?"

Mwenyekiti akavuta kamba ya beberu. "Mama, sisi tunamwakilisha tu."

"Anayeleta mbuzi ndiye husema alichofanya. Haya, semeni. Alianza na ngumi ama na teke?"

Hakuna aliyejua. Walikuwa wamefikiria mbuzi, kamba na hata chumvi, lakini hiyo sehemu hawakuifikiria.

Baba alisema barua iandikwe, tuone. Mwandiko wangu ndio mzuri nyumbani, kwa hivyo nililetewa daftari. "Andika vile dada yako atasema," aliniambia. Dada akaitwa kutoka ndani. Alizungumza polepole kwa sababu ya taya, nami nikapata nafasi ya kuandika vizuri.

"Haya, soma tusikie," mwenyekiti alisema.

Sikuwa nimewahi kusoma mbele ya wageni. Nilisoma nikiangalia karatasi tu. Kwamba mume wake alianza na ngumi, mbili. Kwamba alipoanguka alipigwa teke la taya. Kwamba mtoto alikuwa kitandani, macho wazi. Kwamba hakuteleza. Nilisoma mpaka jina la dada chini.

Baba alichukua karatasi akaisoma tena mwenyewe, ingawa alikuwa amesikia. Akaikunja, akaitia mfuko wa koti.

"Rudini na mbuzi wenu," alisema. "Asanteni kwa kuja."

"Basi mzee, tumepoteza fainali," fundi alisema, na akamfungua beberu.

Ijumaa baba na dada walipeleka barua kortini Nairobi. Walirudi jioni. Kesi ilikuwa imeahirishwa mpaka wiki iliyofuata, baada ya fainali. Nadhani korti nayo ina redio.

Jumapili baba alienda kukaa nyuma ya ghala na redio yake, sauti chini kabisa. Mimi na dada tulikuwa upande huu wa ghala tukichagua mawe kwenye ndengu. Kipindi cha pili tulisikia kelele kutoka sokoni, watu wakipiga mabati.

"Ni ngapi?" dada akauliza kwa sauti.

"Moja bila," baba akajibu.

"Nani amefunga?"

Tulisikia redio ikizimwa. Dada akatoa jiwe moja, akalitupa, akaendelea na ndengu.