Usukani Ndani ya Pipa la Maji

Baba yangu ana mashua ndogo ya tanga kwenye ziwa, kwetu magharibi. Aliiunda kwa mikono yake, likizo baada ya likizo, enzi zile bado anafanya kazi kiwandani Nairobi, mtaa wa Baba Dogo. Kila anapoiacha huko na kurudi Nairobi, hung'oa usukani. Huutoa wote mzima: ubao wake, mkono wa kushikia, na kile kipande cha chuma chenye pete mbili kinachofungwa nyuma ya mashua kwa boliti. Huuvingirisha kwenye gunia, akaupakia kwenye buti la basi. Hiyo ndiyo kufuli yake. Anasema mwizi anaweza kupata tanga popote, hata la turubai, lakini mashua isiyo na usukani itamzungusha mpaka akome.

Kwa hiyo nimekua nikiishi na usukani nyuma ya kochi. Wageni walikuwa wakiuliza ni kitu gani, na sisi watoto tulitamani sakafu itumeze. Alipougua na kuhamia kwangu mtaa wa Lucky Summer, ghorofa ya tatu, alikuja na mfuko wa nguo, Biblia na usukani.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kiharusi. Miguu ilirudi, namshukuru Mungu. Mdomo nao ulirudi, tena kwa nguvu zaidi, maana sasa ana maoni kuhusu ugali wangu, kanisa langu na mume wangu. Mkono wa kulia ndio uliobaki nyuma. Unashika kijiko, unafunga kifungo cha shati, lakini taratibu, na yeye hataki kusaidiwa. Ukinyoosha mkono umsaidie, anakutazama mpaka unaurudisha.

Kabla ya Pasaka alilalamika kuwa usukani umelegea na unagongagonga kwenye pete zake. Nikaupeleka sokoni Gikomba kwa fundi mmoja wa kukereza, mtu ambaye magari ya watu wengi ninaowafahamu yamepita mikononi mwake. Akatoa bushi za zamani zilizolika, vile vibomba vya ndani ya pete ambamo pini za ubao huzunguka, akakereza mpya za nailoni nyeupe, akazipachika ndani ya zile pete kwa kuzigonga. Kisha akanionyesha kazi yake kama anayeonyesha mtoto mchanga.

"Cheki, madam. Haina pley hata kidogo," akasema, akimaanisha ule ulegevu wa kuchezacheza. "Barabara za huku ukiacha pley, gari inaanza kugonga kabla ufike kwa kona. Mimi siwezi toa kazi inagonga."

Baba aliufurahia sana. Alipanda basi akapiga mluzi mpaka nikaona aibu.

Alirudi baada ya Pasaka bila mluzi. Alikula, akamaliza, akasukuma sahani. "Mkono umenikataa," akasema. Alikuwa ameenda mbali na ufuo wakati upepo ulipogeuka. Akavuta usukani ageuze mashua, haukusogea. Akavuta kwa nguvu zake zote, ukasogea kidogo tu na kukwama. Ikabidi ateremshe tanga akae pale katikati ya maji, mpaka wavuvi wenye injini walipomfunga kamba na kumvuta hadi nchi kavu. Watu wa kwao wote walikuwa wamesimama ufuoni wakitazama.

Mimi nilisema ni usukani, si mkono. Nilisema kwa sauti kubwa pia, kwa sababu nikiogopa kitu huwa nafoka. Kesho yake nikaurudisha Gikomba. Fundi akaubana kwenye meza yake ya chuma, akauzungusha kwa kidole kimoja. Ulienda kushoto na kulia bila hata kukwaruza.

"Hapa hakuna shida," akasema, halafu akapunguza sauti. "Labda ni mkono wa mzee. Pole, madam."

Sikumwambia Baba hivyo. Nilisema fundi hajaona kitu. Baba akaujaribu mwenyewe sebuleni kwa mkono wa kulia, nao ukamtii. Nilidhani atafurahi. "Hapa hakuna maji wala upepo," akasema. "Mkono haupimiwi kwenye zulia." Kisha akampigia simu binamu yake, ambaye mimi namwita baba mdogo, akamwambia aje auchukue usukani. Mashua ni yake sasa.

Baba mdogo ni mtu mwema, ila tulijua atakachofanya. Alikuwa ameshasema. Angekata mlingoti na kufunga injini. Baba aliyasikia hayo akajibu, "Sawa, sawa," kwa sauti ile anayotumia hospitalini. Tangu siku hiyo akaacha kufanya mazoezi ya mkono. Akaanza kula kwa mkono wa kushoto, mbele yetu, kwa makusudi. Nilikasirika, nikamgombeza, nikaenda chumbani nikajisikia vibaya.

Wakati huo tulipata wageni wa kulala, ikabidi kochi lisogezwe ukutani. Usukani ukahamia bafuni. Nikauweka kwenye karai langu kubwa, chini ya ule mfereji unaovuja. Sisi wa mtaa huu tunaishi kwa mgao wa maji. Tone likianguka, lazima lianguke ndani ya kitu. Karai likajaa taratibu, ubao na pete zote mbili zikazama, kwa maana niliulaza upande ili mkono wake usizibe mlango. Tukaoga tukiuruka.

Asubuhi ambayo baba mdogo alikuwa aje, nilitoa usukani niufunge kwenye gunia. Kile chuma chenye pete kilikuwa kimechomoza upande, nikakisukuma kilale sambamba na ubao. Hakikwenda. Nikasukuma tena. Nikaweka ubao chini ya mguu, nikashika kwa mikono miwili, nikavuta na kuutukana. Mimi ndiye ninayepandisha mitungi ya maji mpaka ghorofa ya tatu bila kupumzika. Ule usukani ulinitoa jasho, na ukasogea kidogo tu na kukwama.

Nilikaa kwenye ukingo wa choo nikauangalia. Kisha nikampigia baba mdogo nikamwambia asije leo, nina sababu. Kwa Baba sikusema neno, kwa kuwa sikutaka kumpa tumaini halafu nimnyang'anye. Nikaufunga ule usukani mbichi kwenye gunia, nikauchukua mpaka Gikomba.

Fundi alijaribu kwa kidole. Akajaribu kwa mkono. Akavua kofia.

"Nailoni imekunywa maji," akasema. "Imefura ndani ya pete, ikabana pini. Ikikauka inarudi vile ilikuwa, ndio maana siku ile ilizunguka. Kwa gari huwezi jua, gari haikai ndani ya maji." Akatikisa kichwa. "Sisi tunaogopa pley kama ugonjwa. Kumbe hii kitu ilikuwa inataka pley."

Akazichonga bushi upya kwa ndani, akaacha nafasi ambayo ilimuuma roho. Usukani ulitoka pale ukichezacheza kidogo, na ilionekana wazi kuwa aliona haya kuutoa dukani kwake hivyo. Akanikataza kumpa mzee kabla ya kuuloweka vizuri, uzame kabisa, niupe muda unywe.

Sasa hapo ndipo palikuwa na kazi. Maji ya karai yalikuwa yameshatumika kupigia deki. Pipa langu lilikuwa na maji ya kufika magotini, na mfereji ulikuwa mkavu kabisa. Nilibisha kwa jirani wa mlango wa pili, mama anayeuza mboga, mtu wa Murang'a. Nilijua ninaomba kitu kisichoombwa wakati wa mgao. Nikaanza kumweleza habari za ziwa, nailoni na pete, nikapotea katikati.

"Ni ya mzee?" akaniuliza.

"Ni ya mzee."

"Si ungesema tu mapema."

Akaleta mtungi. Akashuka ngazi akiita watu, na mitungi ikaanza kupanda. Hata yule wa ghorofa ya kwanza, ambaye hatukuwa tukisalimiana kwa sababu ya kamba ya nguo, alileta wake, akaumimina, akasema maji haya asubuhi alikuwa ayafulie lakini nguo zitangoja. Nilisema asante mpaka ikakosa maana, na bado naisema ninapoandika haya. Watu wale walikuwa na vyombo vya kuosha na watoto wa kuogesha, wakanipa maji nilowekee usukani.

Pipa lilipojaa nikauzamisha usukani ndani, likakaa barazani, Baba akidhani ni la maji ya mgao. Siku zilipita, na kila nikipita nafunua mfuniko na kusukuma ule mkono. Ulikuwa laini. Nilipokuwa na hakika, nikamwita.

Alipouona ndani ya maji alidhani namdhihaki, akataka kurudi ndani. Nikamwomba aushike mara moja tu. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Wa kulia, Baba."

Akaniangalia kwa yale macho yake. Kisha akakunja mkono wa shati taratibu, akashika. Ukaenda. Akaurudisha, ukarudi. Nikamweleza yote pale pale, nailoni, karai, fundi, na jinsi ulivyonishinda mimi mwenye mikono miwili mizima. Sidhani alisikia nusu yake. Aliendelea kuugeuza, maji yakimwagika miguuni, huku yule mama wa mboga amesimama mlangoni na beseni lake, hataki kuyadai maji yake.

"Mimi nilikuwa nimeshauaga," akasema.

Nikamwambia mashua bado ni yake, baba mdogo ataelewa.

"Si mashua," akasema, bila kuuachilia. "Mkono."