Herufi za Shija Zilizogeuka Nyuma

Shija Budeba alikuwa na ngozi ngumu. Mbu wa Ubaruku wakimuuma walirudi kwao na midomo iliyopinda. Alifika kijijini hapo, Usangu, kutoka Usukumani nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na kazi yake ilikuwa kufua majembe na vyuma vya kupigia ng'ombe chapa. Banda tu ndilo hakuwa nalo. Kila wingu likipita, moto wake ulizimika.

Miaka ile reli ilipokuwa ikijengwa, Muhidini mwenye mashine ya kukoboa mpunga alimwita.

"Nikatie bango la bati lenye jina la hapa petu, lisomeke kutoka barabarani. Likinipendeza, banda la nyuma ya mashine ni lako. Lisiponipendeza, nitamleta mpaka rangi wa Iringa, na wewe urudi kuoga mvua."

Herufi Shija hakuzijua hata moja. Chiku, mke wa Muhidini, akamchorea kwa mkaa juu ya gunia, zimenona kama maandazi. Shija alizizunguka kama kuku aliyeona nyoka.

"Huyu mwenye matumbo mawili ni nani, shemeji?"

"Huyo ni B."

"Kabeba pacha! Mimi ndiye Shija, mtoto wa nyuma ya pacha, hao nawajua. Na huyu anayepiga teke?"

"K. Usimkaribie."

Bati alilipata kwenye pipa lililotupwa na wajenzi wa reli. Alilipasua, akaliponda mpaka likalala. Lakini tindo lake halikujua kupinda; likianza safari lilikwenda moja kwa moja, kama mlevi asiyetaka kuonekana mlevi. Basi U ikawa hori la ng'ombe, B ikawa masanduku mawili, na kila penye duara pakaota kona. Alipomaliza kuikata B, matumbo yake yakaanguka chini, kang'! Shija akayaokota, akajaribu kuyarudisha, wapi! Akaanza upya kwenye bati jingine, safari hii akiacha kijitepe cha kushikilia kila tumbo.

"Umewaachia vitovu!" Chiku akacheka.

"Nimeshaona, shemeji. Bila kitovu wanadondoka."

Bango likapandishwa juu ya mlango wa mashine, penye uwazi wa kupitisha mwanga. Anyitike, aliyeleta mpunga wake na ambaye alisoma darasa la watu wazima, akalikodolea macho.

"Hii lugha ya wapi, jamani? Mbona K inatupiga teke sisi?"

Watu wakaangua kicheko. Uso wa Muhidini ukaiva kama nyanya. "Msukuma wee! Umeandika kinyumenyume!"

Shija akajitazama mikono. Chuma cha chapa hukatwa kinyume, ili alama ikitua kwenye paja la ng'ombe isimame sawa. Mikono ilikwenda na mazoea yake, haikumwuliza mwenyewe. Akaliona banda linampungia mkono wa kwaheri.

Hata hivyo, udadisi ulimwasha kuliko aibu. Herufi hizi mgongoni zikoje? Akaingia ndani ya mashine, akainua kichwa. Kisha akaita, "Bwana Muhidini, hebu ingia."

Muhidini akaingia, akasoma: UBARUKU. Herufi zimenyooka, jua linapenya kila kona.

"Wateja wangu wako barabarani, hawako tumboni mwa mashine!"

"Basi tuligeuze kama chapati."

Wakaligeuza. Upande uliotoka nje ndio uliokuwa na meno, pale tindo lilipotokeza. Jua likayapiga, herufi zikawaka kama mapanga mapya. Wanasema mwanga ulifika mpaka sokoni Mwanjelwa, mbali huko mjini, mwenye duka mmoja akafunga macho. Ng'ombe wa Bujiku, mfugaji jirani, waliokuwa wakipita waliona meno yale wakatimka, chapa wanaijua.

Muhidini akaficha tabasamu. "Chukua banda lako kabla sijabadili nia."

Masika yakaja, mvua ikagonga bati la paa, na moto haukuzimika. Kila alipoinua macho kutoka kwenye fuawe, Shija aliziona herufi zake kwa nyuma kupitia mlango wa nyuma wa mashine, K ikipiga teke upande uleule alioikatia. Huko nje wasome watakavyo. Kwake yeye, bango lilikuwa limekaa sawa tangu siku ya kwanza.